Kwa Nini Kila Fundi Hukimbilia Skurubu

Injini ya petroli yenye silinda nne, gari likiwa limesimama na hakuna anayekanyaga mafuta, huzunguka kama mara 750 kwa dakika. Kila mzunguko una milipuko miwili, kwa hivyo ni milipuko 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Sikio haliwezi kuihesabu. Linasikia mngurumo mmoja tu, laini. Lakini silinda moja ikikataa kuwaka, milipuko sita hivi inapotea kila sekunde, na hapo mwili wote unajua. Usukani unatetemeka, kioo cha pembeni kinacheza, chupa ya maji kwenye dashibodi inaanza kutembea yenyewe. Kenya tunasema gari inamisi. Dar watakuambia gari halina sailensa. Ugonjwa ni ule ule.

Sasa lipeleke gari hilo kwa fundi wa kando ya barabara, tuseme Kianjokoma, kule juu ya mji wa Embu ambako barabara inapanda kuelekea mashamba ya chai na msitu wa Mlima Kenya. Au lipeleke Meru, Kariobangi, Kisauni, popote. Mara nyingi kifaa cha kwanza kutoka ni bisibisi. Boneti inafunguliwa, skurubu ndogo inazungushwa nusu raundi, injini inapanda, mtetemo unapungua. "Sikia hiyo sasa. Si iko sawa?" Unalipa, unaenda. Wiki mbili baadaye umerudi.

Ni rahisi kusema fundi ni mkora. Wengine ni wakora kweli, tusidanganyane. Lakini ule mkono unaokimbilia skurubu haukutoka hewani. Ulifundishwa, na wakati ulipofundishwa ulikuwa sahihi kabisa. Shida ni kwamba gari lilibadilika na mkono ukabaki pale pale. Ukitaka kuelewa kwa nini magari ya zamani yanatibiwa vile yanatibiwa hapa kwetu, inabidi urudi nyuma hadi enzi ya kabureta. Na ukiwa Embu, kabureta huwezi kuielewa bila mlima.

Kabureta ya kunyunyiza mafuta ilitengenezwa Ujerumani na Wilhelm Maybach mwaka 1893, na wazo lake halikubadilika sana kwa karibu miaka 100. Injini inavuta hewa kupitia koo jembamba. Hewa ikipita kwa kasi kwenye koo hilo, inafyonza petroli kupitia tundu dogo sana, na viwili hivyo vinachanganyika njiani kuelekea kwenye silinda. Hakuna umeme, hakuna akili. Ukubwa wa tundu ndio umeamua kila kitu, na aliyeuchagua ni mhandisi aliyekaa kiwandani, mbali, mahali palipo karibu na usawa wa bahari.

Injini inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Angalia vizuri, ni kilo. Kabureta yenyewe haipimi uzito, inahisi tu hewa inavyopita. Mombasa hewa ni nzito, kwa hivyo hesabu inakubali. Ukipanda hadi mita 1,500, hewa imekuwa nyepesi kwa takribani asilimia 14. Kabureta haina habari. Inaendelea kumimina petroli karibu kama ilivyozoea, na mchanganyiko unazidi mafuta kwa asilimia saba au nane hivi. Kianjokoma iko juu zaidi ya hapo. Gari lililorekebishwa pwani likifika huko limevimbiwa. Moshi unakuwa mweusi, plagi zinajaa masizi, unasikia harufu ya petroli mbichi, na likisimama linatetemeka kama mtu mwenye homa. Ongeza asubuhi ya Julai, ukungu umeshika migomba na injini ni baridi kama jiwe, na utaelewa kwa nini magari ya zamani yalikuwa yakisukumwa sana.

Dawa yake ilikuwa skurubu. Kabureta nyingi zilikuwa na mbili za kazi hiyo. Moja iliamua injini izunguke haraka kiasi gani gari likiwa limesimama, nyingine iliamua petroli kiasi gani iingie wakati huo. Fundi wa mlimani alipopunguza petroli kidogo na kupandisha mzunguko kidogo, hakuwa anaficha ugonjwa. Alikuwa anamalizia kazi ambayo kiwanda hakingeweza kuimaliza, kwa sababu kiwanda hakijawahi kuishi Embu.

Na haikuwa skurubu tu. Kuna kipimo cha mvuto wa hewa ndani ya injini, saa ndogo ya mviringo yenye mpira. Vitabu vya ufundi vya Ulaya na Marekani vinasema injini nzima ikiwa imesimama itasoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Hiyo ni kwenye usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300, unapoteza takribani inchi moja. Mita 1,500 ni inchi tano zimeenda, na injini nzima kabisa itasoma 12 hadi 16. Fundi anayefuata kitabu neno kwa neno angeangalia 14, aseme valvu zimekufa, na afungue injini isiyo na kosa. Kwa hivyo fundi wa mlimani alilazimika kuwa na namba zake mwenyewe, ambazo hazikuwa kwenye kitabu chochote alichoweza kununua. Alikaa nazo kichwani, na alimpa mwanafunzi wake kwa mdomo na kwa mkono.

Mkono huo ulitoka wapi? Njia zilikuwa kadhaa. Mafundi wengi wa Kiafrika walianza kama vibarua na wasaidizi katika gereji za Wahindi, hasa za Makalasinga, miaka ambayo Mwafrika aliruhusiwa kubeba spana lakini si kusaini risiti. Wengine walijifunzia jeshini. Katika Vita vya Pili vya Dunia maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki waliendesha na kutengeneza malori ya jeshi, na walirudi nyumbani na ufundi ambao hakuna aliyewapa cheti chake.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952. Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliendesha Operesheni Anvil, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakaondolewa Nairobi kwa maelfu, wengine wakapelekwa kizuizini, wengine wakarudishwa mashambani. Tunaikumbuka kama hadithi ya siasa, na ndivyo ilivyo. Lakini hebu iangalie pia kama hadithi ya kazi. Nairobi ndiko kulikokuwa na gereji. Kijana wa Embu aliyekuwa katikati ya kujifunza kutenganisha kabureta alijikuta amerudishwa kijijini kabla ya kumaliza. Ufundi wa mkono ukikatwa katikati haubaki kwenye daftari ukingoje.

Baada ya uhuru barabara zikajaa Peugeot. Modeli ya 404 ilikuwa imeshinda Safari Rally mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 magari yaliyomaliza mbio hizo yalikuwa saba tu. Mnunuzi wa Kenya hakuhitaji tangazo lingine. Gari lililopita kwenye tope la Safari lingepita pia kwenye barabara ya kijijini kwake lililobeba magunia ya kahawa. Ikafuata 504, ambayo ilishinda 1975 na 1978, na ambayo baadaye ilikuwa ikiunganishwa Mombasa. Lile pikapu lake likawa lori la mtu wa kawaida. Pia kuna Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Mwaka 1965 alishinda Safari akiwa na ndugu yake Jaswant kwenye Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Gari kuukuu mikononi mwa mtu anayejua kulisikiliza liliwapita mapya, na nchi nzima iliona.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na Peugeot kuukuu zikapata maisha ya pili. Gari lililokuwa likitembea kidogo kwa siku sasa lilipanda na kushuka mlima kutoka alfajiri hadi usiku. Matatu hailali gereji wiki nzima. Inaingia saa nne, saa tano iwe imetoka, kwa sababu kila saa iliyolala ni abiria waliochukuliwa na mwingine. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1972, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa ripoti kuhusu ajira Kenya, ikasema wazi kwamba watu hawa wanaofanya kazi nje ya vitabu vya serikali si wavivu wala wahuni, ni uchumi. Sisi baadaye tuliwaita jua kali, kwa sababu ndilo lililokuwa paa lao.

Fikiria fundi huyo. Hana paa, hana kitabu, na dereva amesimama juu ya kichwa chake akiangalia saa. Skurubu ndiyo kitu pekee kinachotoa matokeo kwa dakika mbili. Kwenye mlima, mara nyingi ndiyo ilikuwa jibu sahihi. Kwenye biashara, ndiyo ilikuwa jibu la haraka. Mambo hayo mawili yakishikana kwa miaka 20, yanakuwa mazoea. Na mwanafunzi anayechungulia nyuma ya bega anaona bisibisi inazunguka. Haoni kilichotokea kwenye kichwa cha mwalimu kabla ya bisibisi kuzunguka.

Kwa sababu kilitokea kitu. Fundi mzuri wa enzi hiyo alianza na masikio. Gari linatetemeka likiwa baridi au likishapata moto? Linatetemeka kwa mdundo uleule, ta-ta-paa, ta-ta-paa, au linapanda na kushuka kama mtu anayepumua? Mdundo unaojirudia ni silinda moja imelala. Alivua waya za plagi moja baada ya nyingine kwa kitu kisichopitisha umeme. Akivua waya na injini ikayumba zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Akivua na kusiwe na tofauti yoyote, amempata mgonjwa. Alitoa plagi akaitazama kama daktari anavyotazama ulimi. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi. Nyeupe kama chokaa, hewa imezidi. Imelowa oili, ringi au valvu zimechoka na skurubu haitasaidia kitu. Alifungua distributa akaangalia platini, vile vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili cheche itoke, na akapima mwanya wake ambao haufiki hata nusu milimita. Alisikiliza mlio wa hewa inayofyonzwa kwenye gasketi, upande mmoja wa mpira akiuweka sikioni na mwingine akiutembeza juu ya injini.

Moto, hewa, petroli. Skurubu ilikuja mwisho, baada ya hizo tatu kupita. Huo ndio ulikuwa ufundi. Bisibisi ilikuwa nukta mwishoni mwa sentensi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na Toyota na Nissan zilizotumika Japani zikaanza kushuka Mombasa kwa wingi. Baadaye sheria ikasema lisiingie gari lenye zaidi ya miaka minane. Mengi ya magari hayo hayakuwa na kabureta. Yalikuwa na kompyuta ndogo iliyopima presha au wingi wa hewa inayoingia, ikasoma joto la injini, kisha ikaamua petroli kiasi gani inyunyizwe. Gari hilo likipanda kutoka Mombasa hadi Kianjokoma linajirekebisha lenyewe njiani. Kazi yote ambayo fundi wa mlimani alikuwa akiifanya kwa bisibisi, kompyuta inaifanya mara nyingi kwa sekunde.

Sasa angalia kinachotokea. Magari hayo leo ni mazee. Corolla ya 1996 ni mtu mzima kuliko wewe unayesoma hapa, pengine. Linaanza kutetemeka, linapelekwa kwa fundi, na mkono ule ule unakimbilia skurubu. Iko moja, kwenye mlango wa hewa. Lakini hiyo si ya kurekebishia. Kiwanda kiliiweka pale ili mlango wa hewa usijifunge kabisa na kukwama. Ukiizungusha, mlango unabaki wazi kidogo, hewa inaingia, injini inapanda, na mteja anatabasamu. Kompyuta nayo inaweza kuanza kuamini kwamba dereva amekanyaga mafuta wakati hajakanyaga. Ugonjwa uko pale pale, na sasa una wa pili juu yake.

Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni wa bei ndogo. Masizi yamejaa kwenye mlango wa hewa. Mpira mmoja umepasuka, na hewa isiyohesabiwa inaingia. Dalili ya huo ni ile ya kupanda na kushuka. Hewa ya wizi inapandisha injini, kompyuta inaona mzunguko umezidi wakati mguu hauko kwenye mafuta, inakata petroli, injini inaanguka, kompyuta inashtuka na kurudisha petroli, injini inapanda tena. Unaweza kuitazama kwenye saa ya mzunguko, juu, chini, juu, chini. Skurubu haizibi mpira uliopasuka. Inaongeza hewa kwenye gari ambalo shida yake ni hewa iliyozidi.

Kuna kijana wa siku hizi ambaye atakuambia mambo ya masikio yamepitwa, lete mashine isome. Ana haki kidogo. Hata Toyota nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa zinajieleza. Ndani ya boneti kuna kiboksi chenye matundu, ukiunganisha yale yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa waya mfupi na kufungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa namba ya kosa. Lakini mashine inasema kile ambacho vihisio vimeona. Haioni mpira uliopasuka. Inaona matokeo ya mpira uliopasuka, na inaweza kulaumu kihisio kisicho na hatia. Watu wananunua kihisio, wanabadilisha koili, wanabadilisha plagi, wanatumia pesa ya karo, na gari bado linatetemeka. Kubahatisha kwa mashine na kubahatisha kwa bisibisi ni tabia moja. Tofauti ni bei.

Na hapa si suala la starehe tu. Breki za magari haya husaidiwa na ule mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, kupitia mpira mnene unaoenda kwenye duara kubwa nyuma ya pedali. Mpira huo ukivuja, injini inatetemeka ikisimama, na breki inakuwa ngumu. Dalili mbili, chanzo kimoja. Fundi akipandisha injini kwa skurubu, amekuondolea dalili moja, ile iliyokuwa inakuonya. Unabaki na ile nyingine, na barabara ya kutoka Kianjokoma hadi Embu mjini ni mteremko. Kuna madereva ambao bado wanateremka na free ili kuokoa mafuta. Injini isiyotulia ikizima pale kwenye kona, msaada wa breki unabaki wa kukanyaga mara mbili tatu tu, baada ya hapo ni nguvu ya mguu wako dhidi ya tani nzima ya gari na watu waliomo.

Kujua ni rahisi, na hakuhitaji fundi. Zima injini, kanyaga breki mara tano sita hadi pedali iwe ngumu, kisha uendelee kuikanyaga huku unawasha. Injini ikiwaka, pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, msaada wa breki una shida, na hilo linatangulia mengine yote. Halafu gari likiwa limesimama linaunguruma, kanyaga breki usikilize. Mtetemo ukibadilika au ukisikia mlio wa hewa karibu na pedali, mwambie fundi hivyo kabla hajafungua boneti. Ukitaka kutafuta mpira mwingine uliopasuka, nyunyiza maji kidogo kidogo kwenye maungio ya njia ya hewa, mbali na waya za umeme. Mtetemo ukibadilika, umekaribia. Petroli usinyunyize, hata ukiona fundi anafanya hivyo kila siku.

Kuna jambo moja ambalo enzi ya kabureta inastahili kurithiwa kwalo, na si kuzungusha skurubu. Ni lile swali lililotangulia skurubu. Mafundi waliofukuzwa Nairobi mwaka 1954 na wakaanza upya vijijini, mafundi wa jua kali waliotibu Peugeot dereva akiwa amesimama juu yao, walilazimika kuuliza kwa sababu hawakuwa na vipuri vya kubahatisha navyo. Plagi moja ilikuwa pesa nyingi. Kabla ya kununua, ilibidi wajue.

Kwa hivyo ukifika kwa fundi, usiseme "gari inamisi, nitengenezee." Mwambie lilianza lini, likiwa baridi au moto, taa zikiwaka inakuwaje, ukikanyaga breki inakuwaje. Akitoa bisibisi mapema, muulize kwa heshima, "Fundi, umeona ni moto, ni hewa ama ni petroli?" Yule anayejua atafurahi kwamba hatimaye mteja ameuliza, na atakuonyesha plagi yako ina rangi gani. Yule asiyejua atakuambia usijali. Huyo wa pili, funga boneti upole, mshukuru, na uende kwa jirani yake.